Mwaka Tuliokula Maharagi Bila Chumvi

Mama Régine alipokufa, mimi ndiye niliyeleta mchele. Nasema hivyo mapema kwa sababu kwenye matanga watu husahau haraka nani alileta nini, na mimi sikufika mikono mitupu. Nilifika na gari langu, lenye jina la maabara yangu kwenye mlango, na vijana wa mtaa wa Nyakasanza wakateremsha magunia mbele ya macho ya wote. Nilikuwa nimevaa kitenge ambacho fundi wa Kampala alinishonea kwa vipimo vyangu. Nilifikiri wamama waliokaa kwenye mikeka watasimama. Mmoja alisimama kweli, akasema, "Mama Labo, karibu," kwa jina ambalo maabara ilinipa, akanitafutia kiti cha plastiki ambacho mguu wake mmoja ulikuwa mfupi. Wengine wote walikuwa wameupa mlango mgongo. Walikuwa wamemzunguka mtu mmoja aliyekaa chini kabisa, bila viatu, akiongea kwa sauti ndogo inayowalazimisha watu wainame ili wamsikie. Sikuhitaji kuona uso wake. Ilikuwa nyumba ile ile, na watu walikuwa wamemzunguka mtu yule yule. Solange.

Habari za wazazi wangu na ukoo wangu nitaziacha, hazikunisaidia kufika nilipofika. Nitasimulia mwaka mmoja tu, ule wa mwisho wa sekondari, na hasa miezi yake ya mwisho, tulipokaa maki. Kwa asiyejua, maki ni nyumba ambamo wanafunzi wa mwaka wa sita wanajifungia pamoja kujiandaa na egzameni ya Serikali. Wavulana huwa na maki yao, wasichana yao. Mnakuja na godoro, sahani, mkoba wa vitabu na unga, na mnatafuta mtu mzima wa kuwaangalia na mwalimu wa kuja kuwafundisha. Mtu mzima wetu alikuwa Mama Régine, mjane aliyekuwa akiuza makala, makaa ya kupikia, mbele ya nyumba yake, mama mwenye mkono mzito na moyo mwepesi kulia. Mwalimu wetu alikuwa Prof wa hesabu, tuliyemwita Prof tu. Tulilala kwenye sebule, magodoro yamepangana toka ukuta hadi ukuta, na ubao mweusi ulisimama juu ya viti viwili. Chumba kilikuwa na dirisha moja linalotazama mti wa avoka. Harufu ya makala iliingia kwenye nguo, kwenye nywele, hadi kwenye mkate.

Kaka yangu mkubwa ndiye aliyenilipia mwaka ule. Alikuja mwenyewe kunileta na godoro, na kabla hajapanda pikipiki kurudi aliniambia mbele ya wenzangu wote: "Kavira, mwaka hii njo ya mwisho. Ukipata diplome, tutashukuru Mungu. Ukikosa, utakuya kusimama ku kibanda ya sabuni, na bwana ya kukuoa tutakutafutia." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja njia mbili za kwenda soko. Lakini mimi nilikuwa nimeshaamua kwamba sitauza sabuni ya mtu mwingine, na sitaolewa na bwana aliyetafutwa. Nilitaka diplome ile kuliko nilivyotaka kuishi. Leo iko kwenye fremu ya kioo ukutani mwangu, pamoja na ile niliyoipata baadaye Kampala, na kila anayeingia ofisini anaziona kabla hajaniona mimi.

Solange alitoka upande wa Kilo. Alikuwa mwembamba, mpole, wa kwanza darasani tangu mwaka wa nne, na hakujua hata kuwasha mbabula, jiko la makala. Juma la kwanza la maki Prof alimwita ubaoni kumaliza hesabu. Akasimama, akaandika mstari mmoja, kisha chaki ikaanza kugongagonga ubao kama mvua ya kwanza kwenye bati. Mkono ulikuwa unatetemeka. Akaanza kuvuta pumzi kwa kinywa, haraka haraka, akashika kifua, akasema, "Prof, ninakufa," akakaa chini. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja na kukakamaa kama mguu wa kuku. Neema, mchekeshaji wa nyumba, ambaye utani haukumtoka hata kanisani, alimwangalia akamwambia, "Solange, wakati ya risasi tulikimbia na weye mpaka Irumu, haukutetemeka. Sasa unatetemekea kartasi?"

Wote walicheka, na hata leo watu wengi wanasema maneno kama yale ya Neema kwa kila anayeshikwa na woga wakati mambo yametulia. Wanafikiri mtu aliyepita kwenye kubwa hawezi kuangushwa na dogo. Mimi nimesoma, najua kwamba ni kinyume. Siku ya risasi miguu ina kazi. Mwili unajiandaa kukimbia na kweli unakimbia. Mbele ya ubao mwili unajiandaa vile vile, damu inakwenda mbio, pumzi inakwenda mbio, na wewe umesimama na chaki. Nguvu zote zile hazina pa kwenda. Lakini siku ile hakuna aliyesoma hayo, nami nikiwemo. Mama Régine alituma mtu akamwite Docta.

Docta alikuwa muuguzi wa mtaa, tukimwita Docta kwa heshima. Alikuja na mkoba wake, akamfunga Solange mkono kwa mashine ya kupimia presha, wakati yule msichana bado anahema na sisi sote tumemsimamia kichwani. Akasoma, akatikisa kichwa. "Ni tansio," akasema. "Iko juu." Bila shaka ilikuwa juu! Mpime mtu yeyote wakati moyo wake unakimbia, utaikuta juu. Ilitakiwa aketi, apoe, apimwe tena siku nyingine na nyingine. Docta hakurudi kupima. Alitoa amri. "Chumvi, hapana. Kelele, hapana. Kazi ya nguvu, hapana."

"Na mayai?" akauliza Mama Régine.

"Mayai, ndiyo. Mayai iko muzuri ku ubongo."

"Docta," akasema Neema, "na siye? Siye hatuna ubongo?"

Nyumba ilikuwa na sufuria moja kubwa. Mama Régine hangepika mara mbili na makala yale ndiyo biashara yake. Kwa hiyo kuanzia jioni ile nyumba nzima ilikula maharagi bila chumvi. Sombe ya majani ya muhogo bila chumvi. Mchicha wa lengalenga bila chumvi, yenye ladha ya maji ya kuoshea. Tulikula tukiangaliana, na Neema akasema, "Hata ku gereza banatiaka chumvi." Solange hakuhisi upungufu wowote, kwa sababu sahani yake ilikuwa na yai. Lilichemshwa, likamenywa, likakatwa katikati, na kiini chake cha njano kilinitazama mimi. Siku nyingine alipata ini. Mara moja alipata samaki wa ziwani kutoka Kasenyi, mbichi, aliyeletwa asubuhi, na tulikula harufu yake.

Prof naye alitoa maelezo yake, na hayo ndiyo yaliyoniuma zaidi. Alisema si tansio peke yake. "Huyu mutoto kichwa yake imejaa," akasema. "Masomo imekuwa mingi, inasukuma moyo." Basi ugonjwa wa Solange ukawa ugonjwa wa wenye akili. Mama Régine alimfunga kichwa kwa kitambaa chenye maji baridi, akikaza vizuri, na nadhani aliamini kweli kwamba anazuia aliyoyasoma yasimwagike. Wakamhamishia godoro chini ya dirisha, mahali palipokuwa pangu. Hakuchota maji tena. Hakufagia. Majirani walikuja kumtazama, wanasimama mlangoni, wanasema, "Njo huyu?" kwa sauti ya kanisani. Mimi nilipita katikati yao na bidoni kichwani, maji yananimwagikia shingoni, na hakuna aliyeuliza mimi ni nani.

Watu wanasema wivu ni sumu. Kwangu umekuwa mafuta ya gari. Wivu ndio ulionifikisha Kampala, wivu ndio ulionisukisha nywele za watu mchana na kunikalisha darasani jioni, na wivu ndio uliojenga nyumba ya matofali ya kuchoma ambayo watu wakipita wanapunguza mwendo kuitazama. Sioni sababu ya kuuficha. Nilimwonea Solange wivu kwa yai, kwa dirisha, kwa kitambaa, kwa jinsi alivyosema "asante" bila kuinua kichwa. Nilimwonea wivu hata kwa ule mtetemeko.

Na hapa ndipo mambo yalipokuwa magumu, kwa sababu mtetemeko nilikuwa nao. Niliamka kila asubuhi na kifua kimebanwa kama kimefungwa kamba ya mzigo. Nilisikia ladha ya misumari mdomoni. Nikifungua kitabu, maneno yalikaa kwenye karatasi na kukataa kuingia; nilichoona ni kibanda cha sabuni, na mimi ndani yake, mnene, nimezeeka. Kwa hiyo nilifunga kitabu na kufanya kazi. Nilisugua sufuria hadi chini yake ikawa nyeupe. Nilifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Nilikula sana, nikimaliza bugali iliyobaki kwenye sahani za wenzangu, kwa sababu tumbo likiwa zito kifua kilinyamaza kidogo. Nilicheka kwa nguvu kuliko Neema. Na watu waliona nini? Waliona afya. "Kavira ni mashine," walisema. Leo wanaletwa kwangu watu wa namna hiyo, mfanyabiashara asiyekaa chini, mama anayepika kama anakimbizwa, na wenyewe wanasema, "Mama Labo, nipime tifoide, moyo inanipiga." Napima, hakuna kitu. Wanasema, "Pima tena." Wangependa kuwa na mdudu kwenye damu kuliko kuambiwa ni woga, kwa sababu mdudu si aibu.

Siku moja nilikuwa nyuma ya jiko nasugua sufuria, na Mama Régine alikuwa upande wa pili wa ukuta na jirani yake, wanachambua maharagi. Ukuta ule wa udongo ulikuwa hauzuii hata pumzi.

"Hii ya Kilo inanitia huruma," alisema Mama Régine. "Akili ikiwa mingi inakulaka muntu ndani."

"Na ile ingine, yenye nguvu? Yenye inachekaka?"

"Kavira? Ee, huyu hana shida. Huyu ni muntu wa mikono. Ata akikosa diplome, atapata bwana muzuri. Anajua kazi."

Mtu wa mikono. Nilitazama mikono yangu, imejaa majivu, na nilikuwa nimeishikilia ile sufuria kwa nguvu kwa sababu nikiiachia ingeonekana inatetemeka. Mama Régine alinipenda, najua. Alinisifu. Lakini sifa ile nimeibeba zaidi ya tusi lolote. Nilipopokea diplome yangu Kampala, jina langu likasomwa na ukumbi ukapiga makofi, nilichosikia masikioni ni maharagi yanadondoka kwenye ungo na mama anasema, huyu hana shida.

Solange, kwa upande wake, hakupona. Hilo nalo watu hawakulielewa. Walifikiri apumzishwe tu, woga utaondoka wenyewe kama uchovu. Kwanza aliondolewa ubaoni. Baada ya hapo hata kuutazama ubao kulimfanya ahemeheme. Akaondolewa kwenye kuchota maji. Akaanza kuogopa njia ya chemchemi. Akaruhusiwa kukosa misa. Akawa hawezi kusikia kengele bila kushika kifua. Kila kitu alichosamehewa kilikua kikubwa wakati hayupo. Mwisho alikuwa anasoma chini ya dirisha lake tu, kimya, vizuri kabisa, na akijua kila kitu, lakini mlango wa uwanja ulikuwa umeshakuwa mbali kwake kama Kinshasa. Sisi tulimwita malkia. Neema alikuwa akimpelekea chai huku ameinama: "Malkia, chai yako. Haina chumvi." Na Solange mwenyewe alicheka. Ni lazima niseme hivyo, alikuwa anajua kucheka.

Kisha Prof akatupa majaribio ya mwisho kabla ya egzameni, na siku ya Jumapili, baada ya misa, akaleta majibu. Solange, aliyeandikia godoroni, alikuwa wa kwanza. Kwangu Prof alisita. "Kavira," akasema, "bado kidogo. Bado kidogo, lakini wakati haiko tena." Nilisema, "Asante, Prof," nikaenda nje kwenye mbabula kusonga bugali, kwa sababu ilikuwa zamu yangu, kama kawaida.

Nilikuwa na mwiko mkononi, unga unaanza kukaza, pumzi ikaondoka. Siwezi kuieleza vizuri zaidi. Nilivuta hewa na hewa haikutosha, nikavuta nyingine na nyingine, midomo ikafa ganzi, moyo ukawa juu kooni, na vidole vikaanza kujivuta vyenyewe, kimoja kimoja, vikashikana na kukakamaa. Mwiko ukaanguka. Nilikaa chini nimeegemea ukuta na nilijua, kama ninavyojua jina langu, kwamba ninakufa pale penye moshi, kabla ya egzameni.

"Mama Régine!" niliita. "Moyo inapiga kama ya Solange! Ninakufa!"

Walitoka wote. Neema ndiye aliyefika kwanza, akanitazama, akapiga kofi. "Aa! Naye amejifunza! Muletee naye yai!"

Kicheko kilichotoka pale sijakisikia tena popote. Walicheka hadi wakashikana. Hata Prof, aliyekuwa bado anakunywa chai yake, alitabasamu. Mama Régine aliinama, akaniinua kidevu, akanitazama kwa huruma, lakini alinihurumia kwa kosa, si kwa ugonjwa.

"Kavira, mama, simama. Bugali inaungua."

"Mama, ninakufa."

"Unakufa na wivu, mutoto yangu. Hii wivu itakumaliza siku moja. Kesho nitakupatia weye pia yai. Simama."

Na walikuwa na sababu. Wivu wangu ulikuwa unaonekana kama bendera, na kwa hiyo hawakuona kilichokuwa nyuma yake. Wengi wanafikiri mtu ana kitu kimoja tu ndani, ama anaumwa ama anadeka. Mimi nilikuwa navyo vyote viwili siku ile. Nilikuwa nataka yai, na nilikuwa nakufa. Mlangoni, nyuma ya wote, Solange alikuwa amesimama na kitambaa chake kichwani. Yeye hakucheka. Alikuwa haangalii uso wangu. Alifungua kinywa, akakifunga, akarudi ndani. Nikasimama. Vidole havikukubali kufunguka, nikashika mwiko kwa viganja viwili kama mtoto, nikasonga. Bugali ya siku ile ilikuwa na mabonge, na walilalamika. Yai la kesho yake nililikataa. Nilisema sina njaa.

Asubuhi ya egzameni tulikwenda kwa miguu, nguo nyeupe na buluu zimepigwa pasi ya makala. Solange alitembea katikati yetu, amefunika uso. Mama Régine na Prof walitusindikiza. Tulipofika kwenye lango la shule tuliyopangiwa kuandikia, na polisi amesimama, na wanafunzi wa mji mzima wanasukumana na vitambulisho vyao, Solange alisimama. Kisha akakaa juu ya jiwe. Mkono kifuani, pumzi kwa kinywa.

"Muache," akasema Prof taratibu. "Mutoto iko mugonjwa. Arudie nyumbani. Ataandika mwaka ijayo."

Mama Régine alikuwa ameshaanza kulia na kumfungulia vifungo vya shingoni. Wenzangu walikuwa wanaingia. Mimi nilisimama pale na nikaona wazi mbele yangu maisha yangu yote. Nikiingia peke yangu na kufaulu, watasema nini Nyakasanza? Watasema, Kavira amefaulu, lakini kama Solange angekuwa mzima! Atakuwa wa kwanza bila kuandika. Nitakuwa nimemshinda mtu aliyelala nyumbani, nami nitakuwa mtu wa mikono hadi kaburini. Nilimshika kifundo cha mkono.

"Simama."

"Siwezi. Moyo."

"Yangu pia inapiga. Iache ipige. Tutaingia nayo ivi ivi."

"Nitaanguka, Kavira."

"Ukianguka nitakukokota. Lakini leo unaingia. Nataka kukushinda, umesikia? Nimekula maharagi bila chumvi ju yako. Siwezi kushinda muntu yenye kulala."

"Kavira, muache!" Mama Régine alisema. "Utamuua!"

Sikumwacha. Nilimvuta kama mbuzi wa soko, naye akaja, analia, hatua baada ya hatua, na polisi akatutazama akacheka akasema, "Bamama, ku harusi ao ku egzameni?" Nilimkalisha kwenye dawati lake. Nilisubiri aanguke. Hakuanguka. Kisha nikaenda kwenye langu, na karatasi ilipofika mbele yangu, hali ile ilianza kwangu. Kifua, midomo, vidole. Hapakuwa na sufuria ya kusugua wala uwanja wa kufagia. Nilishika kalamu kwa viganja viwili kama nilivyoshika mwiko, nikaandika jina langu, vibaya. Ile hali ilipanda, ikapanda, nikafikiri sasa ndio mwisho, kisha ikafika juu na haikuniua, ikaanza kushuka yenyewe. Hakuna aliyenipa dawa. Hakuna aliyejua. Vidole vilipofunguka nilikuwa nimechelewa kuliko wote, nikaandika kama mtu anayelipiza kisasi. Jambo hilo ndilo ninalowaambia watu leo kwenye maabara yangu wakikubali kusikia: inapanda, na inashuka, na wewe endelea na ulichokuwa unafanya. Na ikirudi rudi, usikae nayo peke yako, tafuta mtu anayeijua kazi hiyo.

Majibu yalikuja kwa simu. Nilifaulu. Solange alinipita, tena kwa mbali. Mtaa mzima ulimmwagia poda, kama desturi yetu kwa aliyefaulu, hadi akawa kama mkate kabla ya kuokwa, wakambeba, wakaimba, na Mama Régine akapiga magoti barabarani. Mimi nilimwagiwa na Neema, ambaye kopo lake lilikuwa linakaribia kuisha. Baada ya miezi michache niliondoka kwenda Kampala, na sikumwandikia mtu.

Hayo yote yalinirudia pale kwenye matanga, kwenye kiti cha mguu mfupi. Siku hizi Solange anafanya kazi kwenye kituo cha afya. Anakaa na watu wenye woga na mawazo, anawasikiliza, na wanampenda kama mchungaji. Diplome zake hazifiki zangu, nimeulizia. Walipomaliza sala wakamwomba yeye aseme neno kuhusu marehemu. Alisimama, akasema vizuri sana, na kila neno lilikuwa la kweli, ndiyo maana lilinichoma.

"Bamama, Mama Régine alinipenda, lakini hakujua nilikuwa na nini. Alizani ni tansio, alizani ni akili imejaa. Alinificha mbali na kila kitu chenye kinatisha, na ile woga ikanenepa. Leo mukiona mutoto anatetemeka, musimuchekelee, musimufiche. Mumushike mukono, mutembee naye." Kisha akanigeukia, na wote wakanigeukia, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Muntu alinishika mukono ni Kavira, ule pale. Alinivuta ju ya upendo. Yeye hakuogopa kitu ata siku moja. Iko bantu Mungu aliumba bila woga."

Wakapiga makofi. Wakanitazama kwa heshima, macho yote, na ilikuwa heshima niliyoililia miaka yote, na sikuiweza. Nilisimama.

"Sikukuvuta ju ya upendo," nilisema. "Nilitaka kukushinda. Na niliogopa, Solange. Niliogopa kuliko weye."

Kisha Neema, mnene sasa, mwenye watoto wakubwa, akasema kutoka kwenye mkeka wa nyuma, "Aa, Mama Labo! Ata ku woga unataka kuwa wa kwanza?" Na matanga yote yakacheka, wamama wakifuta machozi kwa pembe za vitenge.

Solange hakucheka. "Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Ile siku ya bugali. Niliona vidole yako. Bilikuwa sawa na byangu. Nilijua hauigi."

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Nilizani, bakijua Kavira pia iko nayo, na anachota maji, na anapika, bataniambia: basi ni kitu ya kila muntu, simama na weye. Batanitoa ku mahali yangu. Nilikuogopa weye kuliko egzameni."

Akaanza kulia, mbele ya watu wote. Na wamama waliinuka kutoka kwenye mikeka, mmoja baada ya mwingine, wakamwendea. Yeye. "Pole, mama. Umebeba hii kitu miaka yote? Pole." Wakamkumbatia, wakamfuta uso, mmoja akampelekea maji. Wawili walinipita hapo nilipo, karibu waniangushe, kumkimbilia. Nilibaki nimesimama kando ya kiti changu, kitenge changu cha Kampala, gari langu nje, na mikono yangu ilikuwa inatetemeka waziwazi mbele ya mtaa mzima, na hakuna aliyeitazama. Isipokuwa yeye. Katikati ya mabega ya wale wamama, macho yamejaa maji, alikuwa anaangalia vidole vyangu.